Mikono ya Badria Katika Chumba Namba Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Shamsa Idrisa Mwinyikai
Umri: Miaka 36
Kazi: Mkandaji, saluni ya masaji ya kinamama
Makazi: Magomeni
Yamechukuliwa na Koplo Isidori, kituo cha polisi, Kariakoo, tarehe 14 Juni 2025, saa 3:40 asubuhi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kusema kweli na nimekubali.

Nafanya kazi kwa Bi. Nasreen, ghorofa ya pili, jirani na Mtaa wa Msimbazi. Mwezi wa pili mwaka huu mwenzetu Badria, miaka 27, alifikisha miezi mitatu ya ujauzito. Bi. Nasreen alituita akasema kuanzia siku hiyo Badria hatakanda migongo wala kusimama kutwa. Atakanda miguu ya wateja akiwa amekaa, atasaidia mapokezi, na wateja wake wengine tutagawana. Baadaye alimpeleka mafunzo ya huduma ya kwanza, siku tatu. Mimi sikufurahi. Nilisema mbele ya watu, "Na sisi tulizaa, nani alitubeba?" Badria alisikia.

Mnamo tarehe 12 Juni 2025, Alhamisi, saa 5:10 asubuhi, nilikuwa chumba namba tatu namkanda Bi. Anjana Vallabhdas, miaka 63, mwenye duka la vitambaa mtaa wa nyuma. Alikuwa mmoja wa wateja niliowapokea kutoka kwa Badria. Alilala kifudifudi, ananisimulia habari za mjukuu wake. Akanyamaza katikati ya neno. Nilidhani amesinzia, wengi husinzia. Nikaendelea na bega kama dakika moja. Naomba hiyo dakika iandikwe. Nilipomgeuza, midomo ilikuwa imebadilika rangi na hapumui.

Nilipiga kelele. Zaidi ya hapo sikufanya kitu. Miaka kumi na moja nashika miili ya watu, siku hiyo mikono iliganda.

Badria alikuja kutoka mapokezi. Sijawahi kuona mwenye mimba ya miezi saba akikimbia vile. Alimsogezea sikio puani, kisha akasema, "Vicky, shika mabega. Dada Shamsa, miguu. Mshusheni chini, kitanda kinabonyea." Vicky ni mkandaji mwenzetu. Tulimshusha sakafuni. Badria akapiga magoti, akanyoosha mikono juu ya tumbo lake mwenyewe, akaanza kumbonyeza Bi. Anjana kifuani kwa nguvu, haraka haraka, anahesabu kwa sauti. Nikasikia kitu kinaalika mbavuni. Nikasema, "Unamvunja!"

Akasema bila kuacha, "Mbavu zitaunga, dada. Simu imepigwa?"

Bi. Nasreen alikuwa ameshapiga, saa 5:13. Ambulensi ilikwama kwenye mikokoteni na magari ya mizigo. Baada ya dakika mbili hivi Badria alipauka, akashika tumbo. Akaniambia, "Zamu yako." Nikasema siwezi. Akanishika mikono, akaiweka mmoja juu ya mwingine pale kifuani. "Unaweza. Una mikono kuliko sisi wote. Mimi nitakuhesabia."

Akaegemea ukuta akahesabu. Nikabonyeza mimi, kisha Vicky, kisha mimi. Jasho lilikuwa linanidondoka kwenye shuka aliyojifunga. Kila nilipotaka kuacha, ile sauti ilikuwa imeshatangulia namba inayofuata, na mwili wangu ukaifuata. Hakupoteza hesabu hata mara moja.

Saa 5:27 wahudumu wa ambulensi waliingia na mashine ya kushtua moyo. Walipomshtua mara ya pili, Bi. Anjana alivuta pumzi. Afande, nimezaa mara tatu, na mama yangu mzazi nilimfumba macho mwenyewe. Sijapata kusikia kitu kama ile pumzi. Nikakaa chini. Mhudumu aliuliza, "Nani alianza?" Tukamwonyesha. Akamtazama Badria usoni, akatazama tumbo, akasema, "Subhanallah."

Badria naye alipelekwa hospitali ileile aliyopelekwa Bi. Anjana, kwa sababu tumbo lilikuwa linakaza. Nilikaa naye. Nesi alipoweka kifaa tukausikia moyo wa mtoto, unakimbia kama cherehani. Nikasema, "Nisamehe, mdogo wangu." Akasema, "Dada, nina njaa."

Kuhusu malalamiko ya Akash, mtoto wa Bi. Anjana, kwamba mama yake alivunjwa mbavu mbili na mjamzito aliyelazimishwa kukanda: si kweli. Aliyekuwa anakanda ni mimi. Mbavu zilivunjika tukimrudisha, na sijui ni kwa mikono yangu, ya Badria au ya Vicky. Daktari alisema hutokea. Kama yupo wa kujibu niandikwe mimi, kwa ile dakika.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimeyasema kwa hiari, nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: S. I. Mwinyikai

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa kwa Kiswahili. Hakutaka neno lolote libadilishwe. Saa 5:05 asubuhi mlalamikaji Akash Vallabhdas amefika kituoni kuomba kuondoa malalamiko. Ameeleza kuwa mama yake alizinduka jana, akahadithiwa yaliyotokea, na leo asubuhi akataka apelekwe kwa kiti cha magurudumu wodi ya wazazi. Huko alimwomba Badria, ambaye bado amelazwa, ruhusa ya kumgusa tumbo. Mlalamikaji anasema mama yake aliuacha mkono pale muda mrefu, na yeye mwenyewe alishindwa kuwaambia kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

Koplo Isidori