Jina Penye Nafasi ya Baba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Tanga. 13/1/1994, saa 4:20 asubuhi.

Jina: Mwinyijuma Sele. Umri: miaka 54, kwa kukadiria. Kabila: Mdigo. Kazi: mlinzi na tarishi, shule ya msingi ya binafsi. Makazi: Nguvumali.

Naeleza kwamba shule yetu ilifunguliwa mwaka jana, watu binafsi waliporuhusiwa. Awali jengo lilikuwa ghala la mkonge, nikililinda mimi. Mkonge ulikuwa na utulivu zaidi. Kusoma nilijifundisha kwenye magazeti ya kufungia vitumbua, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, Mwalimu Mkuu, Bwana Kristofa, aliniagiza niwajazie fomu wazazi wasioweza.

Mnamo tarehe 4/1/1994, saa 2:00 asubuhi, walifika getini Mwanamkasi, fundi cherehani, na Praxeda, muuza mitumba, pamoja na binti yao Zuwena. Ni majirani zangu. Wanaishi nyumba moja mwaka wa tisa huu, na mtoto wanamlea wote wawili. Wakaniamkia. Nilimwambia Zuwena apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, maana ndivyo tunavyopima miaka saba. Alilishika, akalivuta kabisa nisije nikabisha.

Nilipofika penye jina la baba niliuliza niandike nani. Mwanamkasi akasema aliyempa mimba alikwenda Mombasa na hajarudi. Praxeda akasema, "Akiwa na homa nakesha mimi, mjomba. Niandike mimi." Nikamwandika. Kalamu haikukataa. Zuwena akapokelewa, jina likabandikwa ubaoni.

Mnamo tarehe 10/1/1994, saa 1:15 asubuhi, walimleta amevaa sare. Mwalimu Mkuu alimwuliza baba yake yuko wapi. Mtoto akamwonyesha Praxeda kwa kidole. Mwalimu Mkuu akalikata jina la Zuwena ubaoni kwa wino mwekundu, akasema, "Mtoto wa wanawake wawili hakai na watoto wa watu." Akaniamuru niwatoe. Niliwatoa. Geti nililifunga mimi, kwa mkono huu. Zuwena alibaki nje ameshika vyuma, akaniambia, "Babu, mbona sikio nilishika?"

Tangu juzi wanawake hao wako mahabusu, ati waliidanganya shule kwa maandishi. Zuwena yuko kwa mke wangu, na sare hataki kuivua. Leo njiani kuja hapa Mwalimu Mkuu aliniambia niseme nilidanganywa, la sivyo kazini nisirudi. Viwanda vinapunguza watu, na kwa umri wangu sidhani kama kuna geti jingine linalonisubiri.

Nimeulizwa mara mbili juu ya kitanda chao. Mimi hulinda geti. Kitanda cha mtu sijawahi kukilinda.

Nimeonyeshwa fomu. Mwandiko ni wangu tangu herufi ya kwanza. Sikudanganywa. Niliuliza, nikajibiwa kweli, nikaandika nilichojibiwa.

Niliyonayo ni hayo, na nimeyasoma mwenyewe.

Sahihi: M. Sele

Mimi Koplo Shekhe nimeyaandika maelezo haya, na shahidi ameyasoma bila kusaidiwa. Baada ya kusaini aliweka mezani funguo mbili za geti la shule, akaomba nimkabidhi Mwalimu Mkuu, ambaye muda wote alikuwa benchi la nje akimsubiri. Shahidi ametokea mlango wa nyuma saa 5:05.