Sehemu ya Mwisho Sijaitazama

Jumamosi, Ukunda. Mvua tangu alfajiri.

Mvua ya leo waandishi wa BL, zile tamthilia za wavulana wanaopendana, wangeifurahia. Inapiga bati la duka langu la kinyozi mpaka redio ya jirani siisikii. Kwenye tamthilia zile mvua ya namna hii hainyeshi bure. Mvulana mmoja hulowana barabarani akilia, mwenzake akatokea na mwavuli, na muziki ukaanza. Mimi nimelowana kutoka nyumbani hadi dukani, na aliyenisimamisha njiani ni mzee mmoja aliyetaka kujua kama leo nanyoa.

Nilimwambia nanyoa. Hajaja.

Nimeanza kwa mzaha kwa sababu ndivyo nilivyo, lakini habari yenyewe si mzaha. Jana rafiki yangu ameoa. Nitamwita Salimu, na hilo si jina lake. Mimi nijiite Hamisi, nalo si langu. Blogu hii haina picha yangu, na mnaoisoma mnanijua tu kama yule mtu wa Pwani anayelalamika kuhusu tamthilia za wavulana wanaopendana. Wacha iwe hivyo.

Nampenda.

Siku zote nimeandika hapa nani anampenda nani katika nchi ambazo sitawahi kufika, lakini neno hilo moja sikuwahi kuliandika.

Mambo yenyewe yalianzishwa na Njeri, dada wa bara mwenye saluni ukuta kwa ukuta na duka langu. Siku moja alikuja kuchaji simu, akaniacha na video ikicheza, akasema, "Buda, hii kitu ukianza hauachi." Nilianza, na kweli sikuacha. Salimu alinikuta nikitazama, akauliza ni nini, nikamwambia ni vichekesho. Akavuta kiti cha wateja akakaa.

Tangu hapo ikawa ada yetu. Yeye hufanya kazi mapokezi katika hoteli moja Diani, na akiwa na zamu ya jioni alikuwa akipitia kwangu mchana, wakati jua limefukuza watu barabarani. Nilikuwa narudisha mlango nusu, tunatumia waya mmoja wa kusikilizia, sikio la kushoto langu na la kulia lake. Mpita njia angedhani vijana wawili wanatazama mpira.

Salimu alikuwa mtazamaji mkorofi. Kwa nini, aliuliza, mtu akiteleza lazima aangukie mdomo wa mwenziwe? Sisi tumeanguka mara ngapi kwenye tope la Msambweni tukicheza mpira, na tulichopata ni jino kuvunjika. Kwa nini wanafunzi hawa wa uhandisi hawajawahi kuonekana na kitabu? Na ile homa! Mtu akinyeshewa dakika moja tu analazwa, mwenziwe anakesha akimpangusa kwa kitambaa kibichi. "Si wampeleke akapimwe malaria," Salimu alisema, nami nikacheka hadi nikadondosha simu.

Lakini lalamiko lake kubwa lilikuwa moja. Wapenzi wakipanga nyumba pamoja bila mtu kuuliza, wakishikana mikono sokoni, wakirudi alfajiri, Salimu alitikisa kichwa akasema, "Hawa watu hawana wazazi?"

Likawa neno letu. Tukiona watalii wamejianika ufukweni bila haya, mmoja wetu analisema. Tukimwona mbuzi katikati ya barabara, vivyo hivyo.

Na alikuwa na haki. Kama mchambuzi nasema hiyo ndiyo kasoro kubwa ya tamthilia hizi. Wazazi huletwa sehemu ya tisa, kama wageni waliochelewa basi. Baba anapiga kofi, mama analia. Sehemu ya kumi na moja wapenzi wanaachana, kwa sababu lazima waachane sehemu ya kumi na moja, hiyo ni sheria. Sehemu ya kumi na mbili wote wako mezani wanakula wali, na baba anamwekea mkwewe kipande cha samaki. Ni nani aliyezungumza na huyo baba? Walimwambia nini? Hatuonyeshwi. Mimi ningeitazama tamthilia nzima ya mazungumzo hayo tu.

Tamthilia ya mwisho tuliyotazama tuliifikisha sehemu ya kumi na moja. Wiki ileile posa ya Salimu ikajibiwa Kwale, na ikabidi apande na kushuka kule mlimani kila akipata siku ya mapumziko. Tuliahidiana kwamba sehemu ya mwisho hakuna atakayemtangulia mwenziwe. Iko kwenye simu yangu mpaka sasa.

Ndani ya tamthilia hiyo kuna yule rafiki, mnamkumbuka. Anampenda mwenziwe tangu utotoni, hasemi neno, na siku ya harusi ndiye anayeshika maua na kutabasamu. Nilimchambua hapa kwa hasira. Nilimwita sanamu. Niliandika kwamba mwenye ulimi asiyeutumia asilie na mtu. Wengi wenu mliniunga mkono. Salimu peke yake ndiye aliyebisha, akasema huyo ndiye mwenye akili katika watu wote wale. Tulibishana mpaka mteja akaingia.

Kwa hiyo mama yake Salimu aliponiita na kusema ni mimi nitakayemnyoa bwana harusi, niliona mlango umefunguka. Kwetu, asubuhi ya harusi, bwana harusi hukalishwa uani akanyolewa mbele ya jamaa zake wote, kwa nyimbo na vigelegele. Na katika umati wote ule, kinyozi ndiye mtu pekee anayeweza kuinama hadi sikioni mwake bila kuulizwa anafanya nini.

Niliiandaa sentensi yangu. Sikutaka kuvunja harusi, sijawa mwendawazimu. Sikutaka anijibu. Nilitaka tu aende kwenye nikaha yake akijua kwamba kuna mtu alimpenda kabla. Nilitaka nisiwe sanamu la maua.

Hapa nina lalamiko lingine kwa waandishi. Mnatuletea wasichana wabaya: mchumba mwenye wivu anayepiga picha kwa siri na kuzipeleka kwa baba. Nami ningeshukuru kupewa mmoja kama huyo. Bibi harusi wa Salimu, nimwite Zuhura, ni mwalimu wa chekechea. Mama yangu alipolazwa, alishuka kutoka Kwale na chupa ya uji wa pilipili manga, akakaa naye mpaka saa za kutazama wagonjwa zikaisha. Juzi aliniandikia, "Kaka Hamisi, mnyoe taratibu, asije kwetu kama kuku aliyenyonyolewa." Nilicheka peke yangu barabarani. Mtu kama huyo unamchukiaje?

Basi jana asubuhi nikafika Msambweni na wembe mpya. Nikawaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja. Salimu alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya uwanja, leso imetandazwa mapajani kupokea nywele, harufu ya udi kila mahali. Kando kulikuwa na bakuli la maji yaliyotiwa marashi. Mama yake alikuwa mbele yake kabisa, akipiga makofi kufuata wimbo. Mama huyu amenilisha mimi utoto mzima, hata hakuwahi kuuliza kama nimekula kwetu.

Nikaanza mbele, nikashuka upande wa kushoto. Kichwa cha Salimu nakijua vizuri, nimekinyoa tangu nilipokuwa najifunza kazi. Nikazunguka upande wa kulia, nikafika nyuma ya sikio. Sikio lile la waya.

Nikainama. Sentensi ikaja mpaka kwenye meno.

Macho yakajaa maji, nikawa sioni ninapokata. Nikauinua wembe juu nisimkate, na nikabaki hivyo, mkono hewani, nikilia mbele ya ukoo mzima. Nikasema moyoni, yamekwisha, wameniona.

"Wembe umegoma!" akapiga ukelele shangazi yake, Bi Riziki.

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Kwa wasiojua: ni mchezo wetu wa siku zote. Kinyozi wa harusi hunyoa nusu, akasimama, akadai wembe butu haukati, mpaka jamaa wamtunze ndipo aendelee. Nilikuwa nimeusahau kabisa. Sasa sarafu zikawa zinaruka kwenye sinia, mtu akanifunga leso kiunoni, wanawake wananizunguka kwa vigelegele.

"Tazameni, na machozi kayaleta! Kinyozi gani huyu!"

"Analia njaa huyo, mtunzeni!"

"Mtunzeni, bwana harusi asije akaenda Kwale na kichwa nusu!"

Mama yake Salimu alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nikatabasamu. Ningefanya nini? Hakuna mwandishi wa tamthilia angekubali kuandika hivyo. Angeleta ukimya, angeleta kinanda, kila mtu angegeuka na kuelewa. Mimi nililia mbele ya watu wasiopungua hamsini na wote wakanipongeza.

Katikati ya kelele zile Salimu hakugeuza kichwa. Alikuwa anatazama mbele, kule alikokuwa mama yake. Akasema kwa sauti ya chini, ya kunifikia mimi tu:

"Wale hawana wazazi, Hamisi."

Kisha akasema, "Sisi tunao."

Sikuwa nimemwambia neno lolote. Naapa sentensi yangu ilikuwa bado iko mdomoni.

Nikauchovya wembe kwenye maji ya marashi nikamaliza upande wa kulia. Sikumkata hata mahali pamoja.

Alasiri tukapanda Kwale. Mlangoni mwa msikiti alipovua viatu vyake nilivishika mimi, kwa sababu mtu wa karibu ndiye anayevishika, na nikaingia navyo nimevibana kwapani. Alipoulizwa alijibu kwa sauti safi, ameikubali ndoa. Nikasema Amin pamoja na wenzangu. Nimeziona picha asubuhi hii. Katika zote natabasamu, na katika moja viatu vinaonekana.

Jioni mama yangu aliniwekea chakula, akasema, "Salimu keshakutangulia. Na wewe je, mwanangu?" Nikamwambia Inshallah, Mama. Alinitazama kidogo kisha akaenda kuleta maji ya kunywa.

Nilidhani nikijua kwamba ameelewa, nitapumua. Watazamaji wa tamthilia wangeruka kwa furaha: alijua! Siku zote alijua! Mimi sijapumua. Zamani nilikuwa na siri yangu peke yangu, na mchana wa kusubiri zamu yake ya jioni. Sasa najua kwamba mchana ule wote alikuwa amekaa pale akijua, akicheka, akiuliza kuhusu wazazi, na kila alipouliza alikuwa ananijibu. Mimi nikadhani ni utani.

Leo nimelisoma tena lile andiko langu la yule rafiki mwenye maua. Sijalifuta. Nimeongeza mstari mmoja chini yake: nisamehe, ndugu yangu.

Salimu yuko ndani ya fungate. Siku saba haonekani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Baada ya hapo atakuja, maana nywele haziachi kuota kwa sababu mtu ameoa. Ataketi kwenye kiti hiki. Nitamwambia, "Karibu, bwana harusi," na nitamnyoa vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa sababu Zuhura ameniomba. Hilo nimeamua. Sitahamia Mombasa, sitamkwepa, sitamwandikia ujumbe. Sisi tuna wazazi. Mlango lakini sitaurudisha nusu tena.

Na sehemu ya mwisho? Mvua ilipozidi na mteja hakuna, nikaona ahadi yetu imekufa yenyewe. Yeye ana yake ya kutazama sasa. Nikaitoa simu, nikaitafuta, ikafunguka, muziki wa mwanzo ukaanza. Nikachukua waya wa kusikilizia nikautia sikio la kushoto.

Upande wa pili nikaunyoosha kwenye kiti cha wateja, mkono wangu umekaa hewani ukisubiri mtu aupokee.

Nimeizima simu. Mvua inapungua. Nikiona wateja wameanza kupita, nitafagia.