Kwa Nini Moraa Hataishi Manga

Jumatano, 9 Desemba 1970

Nasahihisha mitihani ya Kidato cha Pili tangu asubuhi, kiti kimeegemea ukuta kama kawaida. Mlango ukiwa nyuma yangu sisomi kitu. Wanafunzi hudhani ni ukali wa mwalimu anayetaka kumwona kila aingiaye. Waendelee kudhani.

Adhuhuri lori la pareto lilipita. Harufu ya maua makavu iliingia dirishani, nami nikawa tena mtoto ndani ya ghala la Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliyehamia Manga kwa kazi ya kanisa. Niliishi kwake miaka yangu yote ya shule ya msingi, kwa kuwa shule ilikuwa karibu. Alinipiga kwa maji kumwagika, kwa ng'ombe kuchelewa, kwa kunyamaza. Kisha alinifungia ghalani, juu ya magunia ya pareto.

Daktari alisema ni neva, akanipa vidonge. Nadhani vidonge havimtoi mtu ghalani. Lakini hiyo si taaluma yangu.

Naandika kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, mkono hugoma.

Ijumaa, 11 Desemba

Kaka yangu Ombati amepita akitoka mjini. Ana furaha. Binti yake Moraa, mwenye miaka tisa, atapelekwa Manga mwezi ujao, akasome huku akiishi kwa Baba Mkubwa.

"Baba Mkubwa amejitolea mwenyewe," alisema. "Si wewe ulitokea pale pale ukafika chuo kikuu?"

Kwa hiyo elimu yangu ndiyo inayomtetea. Nimekasirika hadi meno yanauma.

Jumapili, 13 Desemba

Nimesema. Nyumbani, Nyamache, baada ya chakula cha mchana, mbele ya Baba, Ombati na mkewe Kerubo. Nilisema kwa utaratibu, kama mtu anayejenga hoja. Kwamba alinivua gauni kabla ya kunichapa. Kwamba alinifungia ghalani. Kwamba ilikuwa hivyo miaka yote. Kwamba Moraa asipelekwe.

Baba aliinuka akatoka bila kofia yake. Kerubo alijifunika uso kwa leso, akakimbilia jikoni.

"Dada, unataja uchi mbele ya Baba, na mkwe wake ameketi hapo?" Ombati aliuliza. "Huko chuoni walikufundisha nini?"

Naijua chinsoni, heshima yetu inayokataza kutaja mambo ya mwili mbele ya kizazi cha wazazi, na zaidi mkwe akiwapo. Nilidhani ukweli ungekuwa na uzito kuliko heshima hiyo. Hakuna aliyeuliza juu ya ghala. Wamejadili ulimi wangu jioni nzima. Mtoto hupigwa miaka na miaka, adabu ikabaki nzima. Inavunjika siku anapoeleza.

Sikumbuki nilivyoondoka. Nilijikuta kwenye jiwe kando ya shamba la chai la jirani, majani mkononi. Niliyapapasa hadi nikajua tena mimi ni nani, na mwaka ni upi.

Jumanne, 15 Desemba

Nimekwenda kwa Bibi, mama yao Baba na Baba Mkubwa. Bibi na mjukuu hawaoneani haya. Hutaniana, hata ya chumbani husemwa. Ilinipasa kuanzia hapo. Hasira ilinipotezea njia.

"Mke mwenzangu amekuja," alisema akimenya ndizi. "Mbona umekonda? Hivyo vitabu hula nyama ya mtu?"

"Na mifupa, Bibi."

"Ndiyo maana hujaolewa. Nani atatoa ng'ombe kwa ngozi tupu?"

Nilicheka. Kisha nikamweleza. Kisu kilisimama nilipotaja gauni.

"Alikuvua? Yeye, baba yako?" Kwetu kaka wa baba ni baba.

"Kila mara."

"Halafu wewe ndiye wanayesema huna haya."

Akaniambia kwamba alipotembelea Manga alikuwa akinisikia nikilia. Alidhani ni uvivu unatolewa. Alilisema hilo kama anayesimulia hali ya mvua, akarudia ndizi zake. Nilitaka kumnyang'anya kile kisu. Nilitaka pia kulaza kichwa mapajani mwake. Sikufanya lolote.

Ijumaa, 18 Desemba

Ombati amekuja kunisimulia. Jana Bibi alimwamuru ampeleke Manga kwa basi. Alisimama uani kwa Baba Mkubwa, akakataa kiti, akakataa uji.

"Sili katika nyumba ya mtu aliyemvua binti yake nguo," alisema, na majirani wakisikia.

Kwetu mama akikataa chakula cha mwanawe, ukoo mzima hutetemeka. Baba Mkubwa hakukana. Alisema watoto wote walilelewa hivyo. Moraa haendi.

Ilipasa nifurahi. Bado nawaka hasira. Kilichomtia hatiani si kipigo, wala ghala. Ni gauni tu. Angenichapa nikiwa nimevaa, leo Moraa angekuwa anafunga mizigo. Yawezekana sina haki ya kuchagua mlango ambao haki itapitia. Yawezekana ninayo. Mtoto amepona, hilo sina shaka nalo.

Ombati hakuomba radhi. Aliuliza kama nina nafasi nyumbani kwangu. Baba hajanisalimu bado.

Jumatano, 6 Januari 1971

Moraa anaishi nami. Shule yake iko ng'ambo ya uwanja.

Leo ameangusha kioo cha taa nikiwa namenya viazi. Kwa mlio ule mwili wangu uliganda wote. Nilingoja kumwona akijikunja kusubiri kipigo.

"Shangazi, kimevunjika," alisema. "Usije bila viatu."

Akaenda kutafuta ufagio. Nilipoweza kusimama, nilivaa viatu nikamshikia gazeti la kuzolea vipande.