Mke Mwenzangu wa Uchina

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe, shemeji yangu na wanangu wote. Vipi mgongo, umeacha kukusumbua? Na yule wa mwisho, bado hali mpaka abembelezwe kama bwana harusi? Sisi huku hatujambo. Cherehani inazunguka, goti langu linalalamika siku za baridi tu, na mapazia ya watu yamejaa hadi kwenye kochi, anayekuja kunitembelea anakalia mali ya mwenzake. Ningekupigia simu, lakini unazijua kuta za nyumba hii zilivyo nyembamba, na niliyonayo leo sitaki Mratibu ayasikie.

Mratibu ndiye mwanao, huyu binti yangu. Siku hizi namwita hivyo, na hata fundi viatu wa pale kona anamwita hivyo, maana nilimwelewesha mpaka akaelewa. Mlango wa ofisi yake chuo kikuu umeandikwa Mratibu wa Programu za Kimataifa. Nilikwenda kuuona kwa macho yangu, nikapitisha kidole juu ya kila herufi, wanafunzi wakanipisha. Ukisikia mtoto wa huku amekwenda kusoma Uchina mwaka mzima, au Mchina amekuja kusoma huku, ujue mkono wa mwanao umepita hapo. Yeye ndiye anayelinganisha masomo ya kule na ya huku, ili mtoto wa watu akirudi asiambiwe arudie alichokwisha kusoma. Mkuu wa chuo mwenyewe haweki saini kwenye kitu cha Wachina kabla hajauliza kama Mratibu amekiona. Sijisifu. Nakueleza tu hali ilivyo.

Ila nimeletewa mke mwenza, mdogo wangu.

Usicheke. Ni mama mmoja wa makamo, mkurugenzi wa ofisi kama hiyo hiyo katika chuo kimoja cha kule. Mratibu anasema wenzetu wale hawafanyi kazi na karatasi tu, wanafanya kazi na mtu, wakikuzoea basi wamekuzoea. Huyu kamzoea mwanangu mpaka nimechoka mimi. Kule kunakucha mapema kuliko huku, kwa hiyo alfajiri, nikiwa bado nimejifunika shuka, namsikia mwanangu chumba cha pili anacheka Kichina. Kucheka Kichina, nakwambia! Kicheko ni kile kile nilichomzaa nacho, lakini kinachomchekesha sikijui. Nikimuuliza walikuwa wakisema nini, ananijibu kwamba ni mambo ya ratiba tu. Ratiba gani hiyo inayomtoa mtu machozi?

Yalianza na maji. Mke mwenzangu alimwambia maji baridi yanaharibu tumbo, basi mwanangu, niliyemnunulia friji kwa jasho langu, akaanza kutembea na chupa ya maji ya moto. Matupu, hayana majani wala sukari. Nikanyamaza. Zikaja ndala za kitambaa za kuvaa ndani, na soksi zake. Nikanyamaza. Halafu siku moja akarudi kazini amekata nywele, zimeishia hapa kwenye sikio. Nywele zile nilizozisuka mimi tangu hazijashika kitana! Nikamuuliza nani kampa wazo hilo, akasema mkurugenzi alimwambia uso wake utaonekana vizuri zaidi. Uso huo niliuona mimi kabla ya mtu yeyote duniani, na sikuombwa ushauri. Kibaya zaidi, amependeza kweli.

Basi mwezi uliopita ukaja ujumbe wa Wachina kuongeza muda wa makubaliano yao na chuo. Nikamwambia Mratibu kwamba mkurugenzi wake lazima aje kula kwangu. Akasema wana ratiba. Nikamwambia na mimi nina yangu, aibandike juu ya hiyo yao. Nilishona mapazia mapya sebule nzima, rangi ya dhahabu, na kitambaa kilichobaki nikakitandika mezani. Nilitaka mke mwenzangu akivuka kizingiti tu ajue mtoto huyu katoka pahali.

Akaja, ameletwa na dereva wa chuo, pamoja na mwalimu mmoja wa kule kwao, mwembamba, ana miwani, hafungui mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mrefu mwenye maringo. Kumbe ni mfupi kama mimi, na visigino vya viatu vyake vimelalia upande mmoja kama vyangu. Hilo nalo likanikera. Akanishika mikono yote miwili, akauliza, Mratibu akitafsiri, goti linaendeleaje. Akauliza na habari za mgongo wako wewe! Kumbe alfajiri zote zile ratiba yenyewe ni sisi. Mtu mwema angefurahi. Mimi nikajiambia, huyu amefika hadi kwenye goti langu, sasa atabakiza nini?

Tukakaa kula. Mratibu tulimweka katikati awe mkalimani, sisi mmoja kulia, mmoja kushoto. Mke mwenzangu akachukua kipande cha kuku akamwekea mwanangu kwenye sahani. Mratibu akaniambia kwamba kwao ndivyo wanavyoonyesha upendo. Nikasema na kwangu ndivyo hivyo, nikamwekea paja zima. Yule akaongeza mboga. Mimi nikaongeza wali. Yule akachambua samaki, akatoa mwiba mmoja mmoja, akamsogezea. Nikamwaga mchuzi juu ya vyote. Dereva akashindwa kuvumilia, akaniambia, “Shangazi, huyo mtoto atapasuka!” Nikamwambia yeye ale chake, na kama ana huruma amlishe huyo mwenye miwani ambaye hana nyama hata ya kuumwa na mbu. Wakati huo Mratibu kajificha nyuma ya kilima cha chakula, zinaonekana nywele tu.

Ndipo mgeni alipoweka kijiko chini. Akanitazama mimi, akasema maneno marefu, polepole. Alipomaliza, Mratibu akanywa funda la maji, akasema, “Anasema chakula kitamu sana, Mama. Anashukuru.”

Nikaona maneno yale ni mengi mno kwa kuku mmoja, lakini sifa ni sifa, nikaanza kujibu kwamba hiki si kitu, angekuja siku nimejiandaa. Yule mwenye miwani akakohoa. Akafungua mdomo, na mdogo wangu, kikatoka Kiswahili kilichopigwa pasi kama cha taarifa ya habari: “Niwie radhi, mama mzazi. Tafsiri imepungua kidogo.”

Dereva aliacha kutafuna. Kumbe kazi ya mwenye miwani kule kwao ni kufundisha Kiswahili! Nikakumbuka niliyosema juu ya nyama zake, nikatamani kuingia chini ya meza. Mratibu alimkazia macho, lakini mwalimu akishaona kosa hawezi kuliacha. Akanieleza yote. Mkurugenzi wake anataka Mratibu ahamie kule miaka mitatu, aendeshe programu zote akiwa upande ule, na wanafunzi wa huku walioko kule wawe na mtu wao. Alikwisha kumuuliza mwenyewe, naye akakataa bila kusema sababu. Mkurugenzi akaona hawezi kumwandikia Mkuu wa chuo kabla hajamwomba mzazi ana kwa ana. Hicho ndicho kilichomleta mezani kwangu.

Nikamgeukia mwanangu. Akasema ameshakataa, hakuona haja ya kunisumbua, tena baba hayupo tangu zamani na nyumba hii ina watu wawili tu.

Sasa nakwambia la moyoni, na ukilisoma likunje. Kitu cha kwanza kupiga kifuani kwangu kilikuwa vigelegele. Amekataa! Kwa ajili yangu! Nilimtazama mke mwenzangu kama mtu aliyeshinda kesi, nikatamani kumuuliza, umeona sasa? Kisha nikamtazama mwanangu. Alikuwa anakunja pembe ya kitambaa cha meza, anakunjua, anakunja tena, macho hayapo. Sherehe ile ilikuwa yangu peke yangu.

Nikakubali. Mtaa mzima unajua nilikubali, maana nimeutangazia mwenyewe. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba miaka mitatu ni kitu gani, mtoto wangu anahitajika dunia nzima. Wananisifu nina moyo mkubwa. Moyo gani? Nilikubali kwa wivu, mdogo wangu. Nisingestahimili yule mwanamke aondoke kwangu akijua kwamba yeye ndiye anayemtakia mwanangu makubwa, na mimi ni kamba ya mguuni. Nikamwambia Mratibu akae kimya, nikamwomba mwalimu amfikishie mkurugenzi wake kwamba namwazima, simpi. Akauliza kwa adabu kama aseme vivyo hivyo. Nikamwambia vivyo hivyo, asipunguze hata nukta.

Yule mama aliposikia alisimama akaniinamia mpaka nikaona mvi zake. Sikujua lifanywalo, nikainama pia, tukagongana vichwa. Mratibu alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuuliza.

Tangu siku ile naishi maisha ya unafiki. Alipokuja kuniambia viza imechelewa, nilimpa pole kwa uso wa msiba, kisha nikaingia jikoni nikaimba. Jana imetoka. Nimeimba tena, kwa sauti zaidi, majirani wasikie, lakini pazia nililokuwa nashona limekwenda mshazari lote, nalifumua hadi leo.

Anaondoka mwisho wa mwezi. Atapita kwako kuaga. Akikuuliza, mwambie Mama anafurahi hata usingizi hapati, na kwa nusu utakuwa umesema kweli. Na siku ya uwanja wa ndege uje, nakuomba. Nitapunga mkono kwa madaha kama mama wa mtu mkubwa, na wewe unishike gauni kwa nyuma.

Nisalimie shemeji, mwambie koti lake liko tayari. Wabusu watoto wote, na huyo mgomvi wa chakula mara mbili.

Mke mwenzangu ameanza kuniandikia kupitia kwa yule mwalimu. Anauliza mtoto akinuna hubembelezwa vipi, akiumwa hutamani nini, akiwa na huzuni huachwa au husemeshwa. Nimemjibu mengi, kwa uaminifu. Mengine nimeyabania. Ajitafutie.

Ni mimi dada yako,
Mama Mratibu, yule wa huku.