Supu ya Pweza na Nyongo ya Mama

Jumapili, 6 Novemba 1960

Siku ya tisa tangu Mama apasuliwe na kutolewa vijiwe vya nyongo. Bado ana mpira ubavuni. Nyongo inapita humo na kuingia katika chupa iliyofungwa kitandani. Macho yake, yaliyokuwa manjano, yameanza kuwa meupe, alhamdulillahi! Lakini mpira hautolewi mpaka Daktari Mmanga ahakikishe njia ya ndani iko wazi. Ikiwa imeziba, Mama atapelekwa hospitali kubwa ya Unguja akapasuliwe tena. Hataki hata kusikia.

Leo Daktari amenipa kazi. Chakula cha Mama kinatoka kwetu, hivyo niandike kila anachokula. Kuanzia kesho, kwa siku tatu, asile samaki, pweza, chaza wala nyama. Baada ya hapo mpira utaanza kufungwa kidogo kidogo.

Nikauliza kwa nini. Hakunicheka! Alikaa ukingoni mwa kitanda akaeleza. Ini hutengeneza asidi za nyongo, na kabla ya kuzitoa huifunga kila moja na mwenziwe. Wenza ni wawili: taurini na glaisini. Zilizofungwa na taurini huyeyuka vizuri zaidi, na nyongo hiyo ndiyo inayotusaidia kusaga mafuta tumboni. Glaisini mwili unayo tele. Taurini ni chache, na nyingi twaipata kwa vitu vya pwani. Anataka kuona nyongo ya Mama itakuwaje ikiikosa.

Mama akamwambia Daktari, "Chukua, mwanangu. Ya kumwagwa tu hiyo."

Jumatatu, 7 Novemba

Asubuhi uji wa mchele. Mchana muhogo wa nazi na mchicha. Jioni muhogo tena. Nimeandika kwa wino.

Bibi Mwanakhamis, mama yake Mama, amefika kutoka Kisiwa Panza kuja kumuuguza. Alipoona sahani alinuna. "Muhogo mtupu? Mwanangu kakosa nini?"

Jumanne, 8 Novemba

Bibi amechukua jiko. Mie naenda shule, yeye anapeleka chakula. Aliniambia: muhogo wa nazi, mchana na jioni. Nimeandika.

Mama amekula akamaliza. Mara ya kwanza!

Jumatano, 9 Novemba

Sijui nifanye nini.

Nimerudi shule mapema nikamkuta Bibi anachuja sufuria. Pweza mzima! Nyama akaiweka kando chini ya kawa, supu akaimimina ndani ya muhogo. Nikapiga kelele. Akashangaa kweli.

"Daktari kasema asile pweza. Kwani kala pweza? Kanywa maji!"

Tangu lini? Tangu jana mchana. Mgonjwa hapewi muhogo mkavu, kasema, watu wa Panza watamcheka.

Daftari langu linasema muhogo wa nazi. Uongo, na kwa mwandiko wangu mzuri. Nikisema, Daktari ataanza upya — siku tatu nyingine za mpira. Mama anahesabu siku kwa vidole. Nisiposema, ataandika jambo lisilo kweli kuhusu nyongo ya mama yangu.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimesema!

Daktari aliniita chumba cha maabara. Juu ya meza kulikuwa na karatasi ndefu zenye madoa, moja kwa kila siku. Anatia tone la nyongo chini ya karatasi, anachovya ncha yake ndani ya dawa, dawa inapanda na nyongo, kila aina inasimama mahali pake. Doa la taurini lilikuwa dogo Jumatatu. Jumanne limekua. Jumatano kubwa kabisa. Alikuwa amekunja uso. "Nilitegemea lipungue. Au nimekosea dawa?" Alikuwa tayari kuzitupa.

Nikamwambia: hukukosea, Daktari. Supu. Nikamweleza yote, na kwamba mie ndiye niliyeandika bila kuonja.

Halafu akacheka mpaka nesi akachungulia! Taurini inayeyuka katika maji, kasema. Pweza akichemshwa, nyingi inatoka na kubaki kwenye supu. Bibi alimpa Mama sehemu ile ile iliyokatazwa, akaacha nyama!

Akaenda mwenyewe wodini. "Shikamoo, Bibi. Vikombe vingapi?"

"Marahaba. Viwili mchana, viwili jioni. Na ndimu. Unanifunga?"

"Nakuandika tu."

Nikauliza kwa sauti ndogo kama tutaanza upya. Hapana! Karatasi hazizuii mpira, kasema, mpira unangoja njia ya ndani tu. Kesho unafungwa, ijulikane kama nyongo inapita ndani. Nimekata muhogo wa nazi kwa mstari mmoja, nikaandika supu pembeni, vikombe vinne. Nililia kidogo njiani. Kwa raha.

Ijumaa, 11 Novemba

Mpira umefungwa kwa kibano tangu saa mbili asubuhi. Ukileta maumivu au homa utafunguliwa, na hapo ndipo Unguja. Mpaka jioni, hakuna.

Jumamosi, 12 Novemba

Saa tatu. Nimekaa benchi la nje ya wodi. Bibi ametoka anatangaza kwa kila mtu kwamba choo cha mwanawe kimerudi rangi! Wiki mbili kilikuwa cheupe kama chokaa. Nikamwambia, Bibi, polepole. "Polepole ya nini? Nyongo imepata njia!" Mzee mmoja aliyekuja kuchomwa sindano akampa mkono.

Saa nne. Mama anagombana na nesi kuhusu shuka. Hazikusuuzwa vizuri, anasema, na yeye akitoka hapa atamwonyesha. Tangu augue hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu.

Daktari amepita na sinia iliyofunikwa kitambaa. Hakunitazama, lakini alikuwa anatembea upesi. Pazia limevutwa. Namsikia Daktari anamwambia avute pumzi, aishike, mpira unatoka —