Nafuga Seli, Baba

Precious uko wapi?? Shika simu, nimeaibika mbele ya wakwe!

Wamekuja leo hapa nyumbani Nyalikungu kupanga mahari. Nikaitwa nikasalimie. Nikapiga magoti vizuri, "Mwadila, baba." Baba yake Danford akaniuliza, "Klementina mwanangu, huko chuo unafanya kazi gani?"

Sijui nani alinituma. Nikasema, "Nafuga seli, baba."

NAFUGA. Mbele ya Msukuma mwenye ng'ombe!!

"Ngapi?"

"Mamilioni."

Precious, mzee aliacha kutafuna nyama 😭

Akauliza zikiumwa nafanyaje. Na mimi kwa madaha nikajibu kwamba sasa hivi ninazo za ini zilizoumia, tunaziwekea dawa iliyokamuliwa kwenye mzizi wa Kichina tuone kama zitapata nafuu.

Akasogeza kiti. "Huo mzizi unatibu na ndigana? Ndama wangu wanakwisha."

Hapo ndo nikashtuka kumbe hatuelewani! Nimechelewa, mzee kashamgeukia baba: "Mnatudai ng'ombe, kumbe binti ana mifugo mamilioni?"

Ikabidi Danford aeleze, anacheka mpaka machozi, kwamba seli ni vichembe vya mwili, huwezi kuviona bila darubini.

Mama kajifunika khanga usoni. Nikajua ndoa ndo imekwenda hivyo.

Mzee akachukua tena nyama yake, akamwangalia baba, akatabasamu.

"Basi tumeelewana. Na ng'ombe wetu wa mahari mtawaona kwa darubini."