Kidole Kilichofungwa Uzi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mtoto wa kaka Zaidi ametimiza siku saba leo na hana jina. Hakuna kisomo, hakuna mbuzi. Kaka kakataa. Sababu — mtoto ana vidole sita kila mkono. Cha ziada ni kijinyama tu kinachoning'inia pembeni ya kidole cha mwisho, hata mfupa hakina. Nesi kasema si ugonjwa. Lakini kwao wifi Kudra, kule Nyamwage, kuna jirani anaitwa Dadi, muuza korosho, naye ana vidole sita. Basi, imetosha.

Asubuhi Husseini wa bodaboda akanisimulia njiani. Hajui mimi ni shangazi. Eti kule Dimani, nyumbani kwetu, kazaliwa mtoto wa kuhesabu korosho, vidole anavyo. Nikacheka! Hata bodaboda namwogopa.

Jumatano, 6 Agosti

Baba mkubwa Mfaume ameitisha kikao Jumapili: wifi abaki au arudishwe kwao. Kanipigia simu niko kazini, masjala nzima inasikia. Ukoo wetu haujawahi kuwa na vidole sita, kasema. Nikajibu ndiyo baba mkubwa, nikarudi kwenye mafaili yangu. Karani mtiifu.

Lakini ninachokijua nakijua. Nilikisoma kidato cha sita na hakijanitoka. Kromosomu zetu ziko mbili mbili, jozi ishirini na tatu, nusu za baba, nusu za mama. Mwili unapotengeneza yai au mbegu, jozi hupeana vipande kwanza, kisha huachana — moja tu ya kila jozi ndiyo inakwenda. Ndiyo meiosisi. Kwa hiyo mtoto hazaliwi nakala ya ukoo. Anapata mgawo, na kila mtoto na mgawo wake. Kidole cha namna hii mara nyingi jeni moja inatosha, ya mzazi mmoja tu. Tena inaweza kukaa ndani ya mtu isijioneshe kabisa. Dadi wa watu hahitajiki hapa.

Katika hili sina wasiwasi hata chembe. Wasiwasi wangu ni kusimama mbele ya baba mkubwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, ofisi imefungwa. Nimekuja Dimani. Wifi ananyonyesha, hanitazami. Akaniuliza kama na mimi nayaamini hayo. Nikasema siyaamini.

"Basi sema hivyo hivyo Jumapili, wifi yangu. Usiniambie mimi peke yangu."

Mchana nikamnawisha kaka kabla ya kula. Namwaga maji, naona — pembeni ya kidole chake cha mwisho, kijinundu kama punje ya mtama. Mkono wa pili pia. Nikaitazama mikono yangu iliyoshika jagi. Na mimi ninacho, wa kushoto! Tangu utoto tunaambiwa ni chunjua.

Nikamfuata mama jikoni, anakuna nazi. Nikamwonesha mkono. Akaendelea kukuna. Halafu taratibu akasema: vya kaka alivifunga uzi mweusi kabla mama mkwe wake hajaifungua kanga ya mtoto. Changu hivyo hivyo. Vikakauka, vikadondoka. Vyake yeye vilifungwa na bibi, mama yake. Marehemu baba hakujua mpaka anaingia kaburini.

Nikamuuliza kwa nini huyu hakumfunga. Siku hizi wanazaliwa hospitali, akasema, Zaidi alimwona mtoto kabla yake.

Nikamsihi awaambie. Akaweka kifuu chini.

"Nikisema, watauliza na nyie ni wa nani. Na wa kunitetea sinaye tena duniani."

Jumamosi, 9 Agosti

Niwe mwangalifu. Kijinundu cha kaka hakithibitishi baba wa mtoto ni nani. Hiyo ni kazi ya vipimo. Lakini sababu yao yote inaanguka. Wanasema kwetu hakipo. Kipo! Kimo mikononi mwetu.

Nikiuonesha hata huu wangu tu, nimemwanika mama. Nikinyamaza, wifi anapakia nguo zake. Mpaka sasa sijui.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika chumbani kwa wifi, pazia limeshushwa.

Kikao kimeanza asubuhi. Baba mkubwa akanigeukia: na msomi wetu anasemaje? Nikasimama. Nikaeleza yote, jozi, kuachana, mgawo, sikuruka kitu. Akanisikiliza vizuri tu. Kisha:

"Hayo ya vitabu, mwanangu. Mimi nioneshe mmoja. Mmoja tu wa nyumba hii."

Nikamtazama mama. Mama akatazama mkeka. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mtandio na sikuutoa. Ikaadhiniwa, wanaume wakaenda kuswali.

Sasa wamerudi, chakula kimeshatengwa. Nilichukua jagi na beseni, nimeamua — nitamnawisha kaka pale pale mbele yao, polepole, vijinundu vionekane. Mama akanizuia mlangoni. "Lete. Leo nanawisha mimi." Kachukua vyote viwili. Nikarudi humu. Kaninyang'anya au kanipokea, sijui.

Namsikia. "Zaidi, mwanangu, anza wewe."

Baba mkubwa anauliza tangu lini mtoto akanawa kabla ya mkubwa wake. Mama anamwambia kaka alete mikono, yote miwili.

Wifi kamweka mtoto begani, ametega sikio.

Maji siyasikii yakimwagika.